Chuo Kilichommeza Redio

Mara ya mwisho niliwaacha mlangoni kwangu: mimi na ufunguo wa pikapu mkononi, mke wangu amejaa kwenye fremu ya mlango kama kabati, na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Nianzie hapo.

Kwa ambaye hakuwepo, kwa ufupi. Mimi ni fundi wa makochi. Mwaka jana karakana yangu iliungua, nikaanza upya barazani kwangu na stepla ya kuazima. Sijakaa sawa, mwanangu wa kwanza akarudi kutoka chuo kikuu katikati ya muhula, ana begi moja na neno moja: "Wamenifukuza." Akaingia chumbani kwake. Tangu hapo hajatoka, ukiacha kwenda bafuni na kuja mezani kula akiwa ameinamia sahani.

Jina lake la nyumbani ni Redio. Tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Sasa mnaweza kuelewa nyumba yangu ilivyokuwa mwaka wote huu. Redio imezimwa, na hakuna anayejua kama ni betri au ni waya.

Chuo alichotoka watu wanakiita Mawe, kwa sababu ya majengo yake ya kale. Kuna mpinzani wake, kipya, kirefu, kinameta mpaka macho yanauma. Hicho wanakiita Vioo. Mtoto akipata nafasi kwenye kimojawapo, ukoo mzima unatembea kifua mbele. Binti yangu, ambaye tunamwita Profesa kwa tabia yake ya kusahihisha watu wazima, alipata vyote viwili. Usanifu majengo. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Ungedhani tulifurahi. Tulifurahi, ndiyo, kwa muda wa kunywa chai. Halafu vita ikaanza.

"Vioo," mke wangu alisema pale mlangoni. "Hakuna cha kwenda kuangalia. Mawe imenimezea mmoja, sitaipelekea wa pili kwa mkono wangu."

"Mama, siwezi kuchagua mahali pa kuishi miaka mitano kwa kusimuliwa," Profesa alisema.

"Mimi nilimchagua baba yako kwa kusimuliwa."

"Ndiyo maana nataka nikaone."

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguka. Redio alitoka amevaa viatu. Viatu vya kutokea, vimefungwa kamba.

"Nakuja," alisema.

Mke wangu alishusha mikono. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo wakati ule niliichukulia kuwa ni furaha. Akatupisha bila neno.

*

Tulianza na Vioo kwa sababu kiko karibu.

Lilikuwa juma la wageni. Milango ilijifungua yenyewe, na nyuma ya mlango alisimama kijana mwenye fulana ya rangi ya chungwa na tabasamu ambalo nadhani alikuwa amelala nalo.

"Karibuni sana. Shikamoo, mzee. Dada, wewe ndiye mwenzetu mtarajiwa?"

Profesa alisema ni yeye. Kijana akatupandisha kwa lifti ya kioo, jiji likashuka chini yetu, na mimi nikashika chuma cha pembeni nikajifanya naangalia viatu vyangu.

Karakana yao ya usanifu, jamani. Meza ndefu kama barabara. Mashine zinakata mbao na kuchonga vijumba vidogo vyenye madirisha na ngazi. Vijana wamezunguka mfano wa daraja wanabishana kwa sauti kama madalali, mmoja anachora, mwingine anafuta, wa tatu anakula huku anawasahihisha wote wawili. Profesa alinyoosha kidole akagusa paa la kijumba kimoja, taratibu, kama anagusa mtoto mchanga.

Nikajisemea, basi, imekwisha. Mama yake atafurahi.

Kila ukuta ulikuwa na skrini, na kila skrini ilikuwa na nyuso za wanafunzi.

"Hawa ni kina nani?" niliuliza.

"Waliofanya vizuri wiki hii, mzee. Hapa ukifanya vizuri kila mtu anajua."

"Na ukifanya vibaya?"

Wote tuligeuka. Aliyeuliza alikuwa Redio.

Kijana wa fulana alicheka. "Hapo pia kila mtu anajua, kaka."

Tukashuka kwenye ukumbi wa mapumziko. Mimi penye kochi siwezi kupita tu, nikakaa. Kitambaa kizuri, rangi za kuchangamsha, lakini sponji ilikuwa nyepesi na imeshalala katikati. Nikatazama wengine walivyokaa. Karibu wote walikuwa ukingoni, begi mgongoni, macho kwenye simu, kama abiria wanaosubiri kuitwa. Mmoja alikuwa amejiegemeza vizuri. Nilipoangalia tena nikaona amelala usingizi, mdomo wazi, kompyuta inawaka mapajani.

"Mtu akichoka anakwenda wapi?" Profesa aliuliza.

"Kuna mkahawa ghorofa ya nne na mwingine juu kabisa, ule una..."

"Sijauliza akisikia kiu. Nimeuliza akichoka."

Kijana alifikiri. Nilimpenda kwa hilo, kwamba alifikiri. "Nadhani anakwenda kwao," alisema.

Halafu, kwa kutaka tu kubadilisha mazungumzo, akamgeukia mwanangu. "Na wewe kaka, unasoma wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibie. Mwaka wote huo nilikuwa na jibu langu la kuwapa watu: anapumzika kidogo. Redio akanitangulia.

"Nilikuwa Mawe."

Tabasamu la yule kijana likaanguka kwa mara ya kwanza. Nilidhani atamdharau. Kumbe.

"Mawe?" alisema kwa sauti ya chini. "Mimi Mawe waliniacha. Nililia mpaka mama akaniitia daktari."

Wakatazamana, mmoja aliyekataliwa na mmoja aliyekubaliwa, na sikuweza kusema ni yupi alikuwa na hali mbaya zaidi.

*

Kwenye pikapu Profesa alikaa katikati yetu, magoti yamebana kando ya gia.

"Umepapenda," nilimwambia.

"Karakana yao nimeipenda sana. Pale ningejifunza kujenga."

"Lakini?"

"Kichwa kinaniuma, baba."

Simu ikaita. Mke wangu.

"Amependa?"

"Amependa."

"Basi rudini, nimeshaweka chakula jikoni."

"Tunapitia Mawe kidogo."

Akauliza, "Na huyo mwingine yuko vipi?"

"Ameongea."

"Ameongea nini? Na nani?"

Aliuliza haraka mno. Nikamwambia ni maneno ya kawaida tu, na nikakata simu kwa sababu barabara ilikuwa inapanda na ina kona.

*

Kwenye geti la Mawe mlinzi aliinama dirishani, mzee mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanangu.

"Kijana wa hesabu," alisema. "Umeshapona?"

"Nimeshapona, mzee," Redio alijibu, kwa adabu tu, kama unavyomjibu mtu aliyekufananisha.

Nilitaka kuuliza amepona nini. Gari lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, mlinzi akainua kizuizi, nikapita.

Mawe sijui niwaelezeje. Ukizima gari ndipo unapogundua kwamba ulimwengu wote una kelele. Watu walitembea kama wanaopita wodini. Walisalimiana kwa kichwa. Kati ya majengo kulikuwa na nyasi zilizokatwa sawasawa kama zulia, na hakuna aliyezikanyaga, wote walizunguka. Nikajikuta nanong'ona, na wala sikuwa na la siri.

Profesa alikwenda ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha hapo.

"Baba, hili jengo limekaa."

"Limekaa vipi?"

"Limekaa tu. Halitaki kitu kwa mtu."

Tukaingia kwenye bwalo lao la kulia. Dari iko juu kama ya ghala, meza za mbao nyeusi, na viti vya mgongo mrefu visivyo na hata uzi wa kitambaa. Nikakaa. Mgongo wangu ukanyooka wenyewe. Kiti kile hakikukaribishi, lakini kinakufanya ukae kama mtu wa maana. Nilijaribu kufikiria waliokaa pale kabla yangu, wale ambao picha zao zilikuwa ukutani, nikajiona fundi wa makochi kweli kweli.

Nilipogeuka kumtazama binti yangu, moyo ulinishuka. Baba anajua. Kama vile unavyojua siku mtoto wako anapokuja na mtu nyumbani, na kabla hajamtambulisha umeshaona kwenye macho yake kwamba umechelewa.

"Njooni," Redio alisema. "Niwaonyeshe kilipokuwa chumba changu."

*

Tulipanda ngazi za mawe zilizolika katikati. Juu kulikuwa na korido nyembamba na milango imefungwa pande zote mbili. Alisimama mbele ya mmoja. Hakuugusa.

"Sikufukuzwa, baba," aliuambia mlango.

Profesa aliacha kutembea.

"Shuleni kwetu nilikuwa wa kwanza. Nikaja hapa, kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni huu ukimya. Hapa hakuna anayekwambia umekosea. Unarudishiwa kazi yako ina alama ndogo pembeni, basi. Ukiuliza swali darasani wanatazama meza. Ukiongea sana wanatabasamu. Nikaanza kupunguza. Nikapunguza mpaka nikawa siongei kabisa."

Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Lakini alikuwa anaongea, na mimi niliogopa hata kukohoa.

"Siku moja nikaacha kwenda darasani, nione nani ataniuliza. Nikajilaza humu. Siku zikapita, nikaacha kuzihesabu. Nasikia viatu vinapanda ngazi, nasema huyu anakuja kwangu, vinapita. Hakuna aliyebisha hodi, baba. Hata mmoja. Nikafunga begi nikaja nyumbani."

"Sasa kwa nini ulituambia umefukuzwa?"

"Mtu akifukuzwa," alisema, "angalau kuna aliyejua kwamba alikuwepo."

Mwaka mzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mtoto aliyefukuzwa. Nilikuwa nayo mengi, makali na ya upole. Ya kumwambia huyu aliyesimama mbele yangu sikuwa nayo. Nikamshika bega. Alikuwa amekonda zaidi ya nilivyokuwa naona pale mezani.

"Pole, kaka," Profesa alisema.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo mambo yalitulia, tukashuka, tukaenda zetu. Lakini ninyi mnanijua. Kwangu jambo halitulii.

"Mimi nataka hapa," Profesa alisema.

Redio aligeuka. "Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Wewe unataka watu, kaka. Ulizaliwa unataka watu. Mimi watu wananichosha. Pale Vioo nimekaa kidogo tu nimetaka kutapika. Hapa ndipo mara ya kwanza leo nimesikia ninachowaza."

"Utakisikia hicho hicho mpaka ukichukie."

"Siyo kila anayekaa kimya anazama."

"Na wewe ukizama utajuaje? Nani atakwambia hapa?"

"Wewe," alisema.

Redio alimtazama kama amepigwa kofi. Kisha akashuka ngazi mbili mbili. Profesa akamfuata. Mimi nikabaki kwenye korido peke yangu.

*

Niliwaona uani kwa mbali, chini ya tao, wanabishana kwa mikono. Nikawaacha. Nikatafuta benchi la jiwe nikakaa, baridi ikapanda kupitia suruali.

"Wewe ni baba yake," sauti ya mwanamke ilisema. "Mabega ni yale yale."

Alikuwa mama wa makamo, nywele zina mvi, viatu vya chini, vitabu amevibana kwapani. Akaketi kabla sijamkaribisha. Alisema yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mlezi wa Redio kwenye hesabu.

"Nimemwona kutoka dirishani. Nikadhani amekuja kwangu."

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuwa na adabu. "Mwalimu, mwanangu alilala kwenye chumba kile siku nyingi. Anasema hakuna aliyemtafuta."

Alivua miwani. Hakuikasirikia kauli yangu. Aliifuta miwani kwa ncha ya sweta, akaishika tu.

"Nilipanda zile ngazi," alisema. "Nilichelewa kupanda, hilo ni langu na nitakufa nalo. Hapa tuna ugonjwa, mzee wangu. Mtu akiwa kimya tunadhani anasoma. Nilipofika chumba kilikuwa kitupu. Nikapiga simu kwenu. Nikapiga tena baadaye, na tena."

"Labda ulikosea namba."

"Alipokea mama mmoja, sauti yake ya taratibu. Aliniambia kijana yuko salama, amepata kazi mbali na nyumbani, na hataki tena kusikia habari za chuo. Nikamwambia, mama, mimi sifuti jina lake. Nitasema anaumwa, nafasi yake nitaishikilia. Akaniambia, asante mwalimu, Mungu akubariki, usipige tena."

Uani mtu alikuwa anapita na baiskeli. Nilisikia mnyororo wake, kwa jinsi palivyokuwa kimya. Nikaelewa swali la mlinzi getini. Umeshapona?

Nyumbani kwangu kuna mwanamke mmoja tu mwenye sauti ya taratibu.

"Nimeishikilia mpaka sasa," mwalimu aliendelea. "Lakini muhula huu ukifunguliwa bila yeye, sina tena uwezo. Na nikwambie kitu, kwa sababu sikumwambia mwenyewe wakati ule. Alikuwa ndiye pekee darasani kwangu aliyeuliza maswali kwa sauti. Wengine walitazama meza kwa sababu walikuwa wanamwogopa. Tangu aondoke nafundisha kuta."

"Wewe ulijua hilo, na yeye hakujua."

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo Mawe."

Akainuka. "Nimfuate nimwambie?"

"Hapana," nilisema haraka. "Nipe nafasi kidogo, mwalimu. Tafadhali."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alijua tayari. Akanionyesha mlango wa kijani mwisho wa varanda, akasema yuko pale, akaenda.

*

Nilipiga simu nyumbani. Ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Amechagua?"

"Mama watoto, kuna mwalimu aliyekuwa anapiga simu hapo nyumbani?"

Nikasikia bomba la maji linafungwa. Hilo lilikuwa jibu tosha, lakini nikasubiri.

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Nimetoka kukaa naye hapa sasa hivi."

"Redio amesikia?"

"Bado."

Alivuta pumzi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ile ile ya taratibu, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Ulimwona alivyorudi? Mimi nilimwona. Nguo zilimning'inia kama ziko kwenye kamba. Wewe ulikuwa na karakana yako imeungua, unaitwa husikii. Sikulaumu. Lakini mimi nilikuwa naamka kwenda kusikiliza mlangoni kwake kama anapumua. Halafu simu inalia, mtu ananiambia kwa lugha nzuri kwamba wanamsubiri arudi. Kule kule. Ungekuwa mimi ungejibu nini?"

"Ningemwachia mwenyewe aamue."

"Siku ile hakukuwa na mwenyewe ndani yake, baba watoto."

"Na baadaye? Alipopata nafuu?"

"Baadaye nilikuwa nimeshachelewa. Kila siku niliyonyamaza, ya pili yake ilikuwa ngumu zaidi."

"Unajua ni nini kilichomlaza? Anaamini chuo kizima hakuna aliyemtafuta. Hata mmoja."

Nilimsikia anakaa. Kile kiti cha jikoni nilikitengeneza mimi, naijua sauti yake.

"Hilo hakuniambia," alisema. "Aliniambia amefukuzwa. Mwalimu aliponipigia ndipo nikajua alidanganya. Nikamwachia uongo wake. Nami nikabaki na wangu."

Tuliishi nyumba moja mwaka mzima, mmoja anadanganya kwa aibu na mwingine kwa hofu, wanapishana kwenye korido, na mimi katikati napiga misumari kwenye makochi ya watu.

Sikumkasirikia. Ningependa kusema nilikasirika, ingenipa nguvu. Nilichoona ni hesabu isiyo na jibu. Nikimwambia Redio, nitamrudishia chuo chake, na papo hapo nitamnyang'anya mama yake, mtu pekee aliyemwamini mwaka huo wote, aliyempelekea chai chumbani bila kuuliza swali. Nikinyamaza, muhula unafunguliwa, mlango unafungwa, na nitakuwa wa tatu kudanganya katika familia yangu.

"Utamwambia?" mke wangu aliuliza.

"Sijui."

Ndipo nikawaona wanakuja.

Walikuwa wanafuata varanda, bega kwa bega. Na Redio alikuwa anaongea. Siyo yale maneno mafupi ya asubuhi, alikuwa anaongea kweli, kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinuka, na Profesa anacheka na kumpiga begani amwache apumue. Wanafunzi wawili walitazama nyuma kuona nani anapiga kelele. Mwaka mzima niliomba nione kitu hicho. Nilikiona nikiwa nimeshika simu sikioni na sikuweza kukifurahia.

"Baba, tumeelewana," alisema alipofika. Alikuwa anahema. "Profesa anakuja hapa. Nilikosea kumpangia. Yeye siyo mimi."

"Vizuri," nilisema.

"Na mimi nahamia hapa mjini. Nitatafuta kibarua, hata kubeba mizigo, sijali. Nitakuwa karibu yake. Akinyamaza sana nitajua, mimi najua inavyoanza."

"Na masomo yako?"

Alicheka, kicheko kidogo, bila uchungu, na hicho ndicho kilichonimaliza. "Mimi na hapa tulishamalizana, baba. Hawakunitaka. Nimeshalikubali. Leo ndiyo nimelikubali, naona hata kifua chepesi. Kumbe ilikuwa ni kuja tu, nipatazame, niache."

Profesa alikuwa ananitazama. Yule mtoto haachi kitu kimpite. Alitazama uso wangu, akatazama simu, kicheko chake kikaisha.

"Huyo ni mama?" Redio aliuliza. "Nipe nimwambie mwenyewe. Atafurahi akisikia sauti yangu."

Akanyoosha mkono.

"Baba watoto," mke wangu alisema sikioni mwangu, taratibu sana. Alikuwa amemsikia. "Usimpe. Siyo kwa simu. Nakuomba."

Mwisho wa varanda mlango wa kijani ukafunguka. Yule mwalimu akatoka, mikono mitupu sasa, bila vitabu, akaanza kuja upande wetu, na mwanangu, ambaye alikuwa amempa mgongo, alikuwa ameshaishika simu.